Mapambo ya Mstari wa Tatu

Dronero, 3 Novemba 1986

Delfina,

Kalamu ameishika dada yangu Onorina, maneno ni yangu. Akiongeza lake utalitambua, maana litakuwa na busara.

Mkono wa kulia bado umelala. Daktari wa hapa ananiambia nisubiri. Huja kunitazama amevaa viatu vya michezo, kwa hiyo simwamini. Kiharusi kimeniachia miguu, ulimi na hasira. Basi tarehe 22, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, utasimama wewe na fidla mahali pangu katika Kasri la Montaldero. Nimemwandikia Marchesa, mwenye kasri. Hajapinga, na kwa Marchesa kutopinga ni sawa na kupiga makofi.

Shika maagizo haya. Watumishi wasiwashe jiko la kupasha ukumbi joto mpaka watu wakae. Wakiliwasha mapema, nyuzi zetu za utumbo hazitashika sauti na utatumia nusu ya tamasha kuzikaza. Baldo na selo lake atataka kukimbia kila akiona mwisho unakaribia; mkazie macho. Prospero mwache na kinanda chake, yeye hahitaji mtu.

Sasa la maana. Sonata ya tano, sehemu ya polepole. Mtungaji ametuachia mistari mitatu ya noti tupu, kama nyumba isiyo na samani, na watu huja kusikia utaingiza nini ndani. Mimi nimeingiza mapambo yangu pale kila mwaka tangu 1961. Sijayaandika kamwe. Sijamruhusu mtu kuyanasa. Na katika miaka yote uliyokaa kwangu nilikukataza kuyaiga, nikakutoa chumbani mara mbili ulipojaribu. Anayecheza mapambo ya mwenzake amevaa nguo ya ndani ya mwenzake; hata ikimkaa vizuri, si jambo la kusifiwa. Cheza yako. Yakiwa mabaya, yatakuwa mabaya yako.

Ermete Vassallo

(Ni mimi Onorina. Anakula. Asubuhi hukaa mezani anagongagonga vidole vya kushoto, nadhani ni muziki. Ukumbi ule ni baridi kama kaburi, vaa sweta chini ya gauni.)


Torino, 17 Novemba 1986

Mwalimu,

Mazoezi yanaendelea katika chumba kidogo cha kasri, kile chenye dari la malaika waliochorwa na kubabuka rangi. Prospero ameleta kinanda chake mwenyewe, kwa sababu kile cha Marchesa kimeliwa na wadudu mguu mmoja. Sonata nne ziko tayari.

Baldo analalamika kwamba bila wewe hakuna anayemtukana. "Mpigieni mzee simu atukemee kidogo," alisema jana, "hivi tunacheza kama watu waliopatana." Prospero akamjibu, "Matusi ninayo mimi. Unataka ya Torino au ya kwa mama yangu Napoli?" Baldo akasema ya Napoli, akayapata yote, na baada ya hapo kweli hakukimbia.

Sehemu ya polepole bado naihangaikia. Nimejaribu namna nne. Namna zote nne ni sahihi, na hakuna hata moja ninayotaka kuisikia mara ya pili. Alhamisi nilijaribu kitu kingine, wenzangu wakapenda. Nitakueleza mazoezi yakiisha.

Redio wameomba kuja na mashine zao. Marchesa amekubali.

Mwanafunzi wako,
Delfina Occelli


Torino, 24 Novemba 1986

Mwalimu,

Tamasha limekwenda vizuri. Ukumbi ulijaa mpaka wakaleta viti vya jikoni. Jiko liliwashwa mapema licha ya maagizo yako. Mtumishi alisema wageni wa Marchesa ni wazee na hawawezi kungojea nyuzi. Uzi wangu wa juu ulikatika katikati ya sonata ya pili. Niliubadilisha palepale mbele ya watu, Prospero akawachezea kitu cha kuchekesha, wakapiga makofi kwa uzi.

Katika sehemu ya polepole nilicheza mapambo yangu. Yalipokewa vizuri.

Baadaye Marchesa alinijia na glasi ya vermut. Akaniambia, "Binti, nilifumba macho nikamwona Ermete." Nilimshukuru. Chakula kilikuwa agnolotti, zile tambi zenye nyama ndani, na ulimi wa ng'ombe kwa mchuzi wa kijani, kama kila mwaka. Kiti chako kiliachwa wazi. Baldo aliweka koti lake juu yake, kisha akaliondoa bila kuambiwa.

Sijui kama redio watatangaza. Wana mambo mengi kabla ya Noeli.

Pona haraka.

Delfina


Dronero, 2 Desemba 1986

Delfina,

Redio ilitangaza Jumapili, nami sikusikia. Onorina anasema redio yetu ilikufa saa ileile. Imeishi hapa jikoni miaka ishirini, na siku ya kufa ikachagua hiyo.

Lakini mwenye duka la dawa ameniletea gazeti. Huyo mwandishi wao mpya, aliyehamia kutoka Milano kiangazi hiki, anasema umeleta "mapambo ambayo Torino haijapata kuyasikia." Anasema katika mstari wa tatu "ulithubutu kunyamaza." Nilisoma mara tatu. Mtu wa Milano huwa hasifu kitu cha Torino ila kwa bahati mbaya. Basi yaandike hayo mapambo, mistari yote mitatu, uniletee kwa posta. Miaka yote nimekukataza yangu ili upate yako. Nataka kuona kama nilifanya vizuri.

La pili nitalisema mara moja, halafu tusilirudie. Sehemu ya polepole imenitoka. Najua inavyoanza: napanda kidogo, nasimama, nalingoja selo. Baada ya hapo hakuna kitu. Naweka vidole vya kushoto juu ya meza. Vidole vya kushoto ni vizima, ndivyo vilivyokuwa vikizishika noti zile miaka ishirini na mitano. Vinakaa tu, kama watu kwenye benchi la hospitali. Nilidhani kisichoandikwa hakiwezi kuibiwa. Sikufikiri kwamba kinaweza kupotea.

Wewe una masikio mazuri kuliko wote niliowafundisha. Nilikukataza kuiga, sikukukataza kukumbuka. Kama kimebaki chochote kichwani mwako, hata robo mstari, niandikie.

Ermete Vassallo

(Onorina. Redio ni nzima. Nilichomoa waya ulipofika mstari wa pili, yeye ndiyo kwanza anaingia jikoni akivua miwani, nikamwambia imekufa. Mimi sijui kusoma noti, lakini nimemsikia akicheza ile kupitia ukutani tangu nikiwa na nywele nyeusi. Uliyocheza redioni ilikuwa yake toka mwanzo. Sijamwambia. Ninapoandika haya ameketi mbele yangu anadhani nafunga barua. Usinijibu mimi. Mjibu yeye.)


Torino, 8 Desemba 1986

Mwalimu,

Naambatanisha karatasi ya mapambo kama ulivyoagiza. Ndiyo niliyocheza, kwa kadiri nilivyoweza kukumbuka. Penye haraka huenda nimekosea.

Kuhusu yako, nasikitika. Ulinikataza nami nikatii. Nakumbuka tu unavyoanza, kupanda na kusimama, ambayo unayo tayari.

Delfina


Torino, 8 Desemba 1986

Bi Onorina,

Ulisema nisikujibu. Nakujibu kwa sababu Mwalimu nimemwandikia uongo, na nataka mtu mmoja katika nyumba hiyo ajue.

Karatasi niliyomtumia sikuicheza kasrini. Nimeitunga juzi na jana, mezani, nikifuta na kuandika, ili nipate kitu cha kutuma.

Ile Alhamisi ya mazoezi nilijaribu mapambo yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikuwa na haja ya kuyatafuta. Nilianza tu, yakaja. Tulipomaliza Baldo aliweka upinde chini akaniuliza, "Mzee amekuruhusu?" Nikasema, "Ameniruhusu." Prospero akasema, "Basi kweli anaumwa." Hakuna aliyeuliza zaidi. Wote wakaamini ni heshima kwake, na nadhani ukumbini nako walioyajua waliamini hivyohivyo. Mwandishi wa Milano peke yake hakuyajua, na ndiye aliyeandika.

Nilijiambia ni jioni moja tu. Sasa redio wanatoa santuri mwezi wa tatu. Kwenye jalada wataandika "mapambo ya Delfina Occelli." Walinipigia kuuliza jina langu linaandikwa kwa c moja au mbili. Nikawaambia mbili. Marchesa naye anataka niongoze kikundi moja kwa moja kuanzia mwaka mpya.

Najua unachoniuliza: kwa nini nisimwandikie basi mapambo yake, kama ninayo yote? Kwa sababu siku nikimtumia, atajua nilikuwa nayo, na santuri ikitoka atajua nilifanya nayo nini. Ndiyo sababu yenyewe. Sina nyingine iliyo nzuri zaidi.

Delfina


Dronero, 14 Desemba 1986

Delfina,

Nimepokea karatasi. Nimeisoma kwa siku nne, kwa kuwa sina kazi nyingine.

Yule mwandishi wa gazeti ana masikio ya ng'ombe. "Ulithubutu kunyamaza"! Mstari wa tatu umeujaza kama sanduku la mtu anayekimbia vita. Hakuna mahali pa kuweka hata sindano. Mstari wa kwanza ni kazi ya mtoto mzuri wa shule, nywele zimechanwa. Unaogopa, binti. Kila noti inaangalia nyuma kuona kama mimi nipo mlangoni.

Lakini nusu ya mstari wa pili, pale unaposhuka na kisha hutui mahali ninapokungoja, ukaenda kando kidogo, nimeipiga kwa vidole juu ya meza mara nyingi. Vilikubali. Pale ni pako. Mimi nisingefanya hivyo. Nisingepata wazo hilo. Nilisema kwa sauti, Onorina akadhani naita.

Basi nilifanya vizuri kukukataza. Nashukuru kwa hilo, maana mwaka huu sina mengi ya kushukuru.

Kuhusu kwamba hukumbuki yangu: usijisumbue. Ulitii. Sina haki ya kulalamika kwamba mwanafunzi alinitii.

Ermete Vassallo

(Mimi. Alifurahi siku nzima. Aliomba divai. Nikammiminia nikigeuza uso. Utamwambia wewe au nitamwambia mimi, lakini ipite Noeli kwanza.)


Dronero, 27 Desemba 1986

Delfina,

Nakuandikia mwenyewe, yeye amelala.

Noeli ilipita siku moja tu. Jana Baldo alikuja kumsalimia. Alishuka kwenye basi na keki, chupa mbili za divai ya Barbera, na mashine ya kanda begani. Kabla hajavua koti akasema, "Mzee, nimekuletea zawadi: tamasha lenyewe. Kaka yangu yuko redio." Nikasema tule kwanza. Ermete akasema, "Kula utakula wewe, dada. Weka, Baldo."

Sikuwa na waya wa kuchomoa, mashine inatumia betri.

Nitakueleza nilichokiona, wala si nilichodhani. Alisikiliza sonata nne akitikisa kichwa, akikutukana hapa na pale kwa kawaida. Ya tano ilipofika sehemu ya polepole aliacha kutukana. Aliinamisha kichwa. Baldo alikuwa anatabasamu, akimtazama, akingoja. Ulipofika mstari wa tatu, pale fidla inaposhika noti moja tupu bila kufanya lolote na selo linapita chini yake, Ermete aliweka mkono wa kushoto juu ya meza akauacha hapo.

Ilipokwisha alisema, "Huyu binti amefika."

Baldo akacheka. Akasema, "Amefika wapi, mzee, si ni..." Nikamkanyaga mguu. Nina viatu vya mbao vya jikoni. Alinitazama, akamtazama Ermete, akaelewa, na rangi ikamtoka usoni. Huyo naye ulimdanganya, usisahau.

Ermete hakuona. Alikuwa anasema peke yake. "Ile karatasi aliniletea ya unyenyekevu. Alificha. Hakutaka kunionyesha kwamba amenipita, mjinga yule." Kisha akaomba isikilizwe tena.

Nimefikiria tangu jana. Maisha yake yote aliicheza ile na fidla chini ya kidevu. Hakuwahi kukaa kitini akaisikia ikitoka upande wa pili wa ukumbi. Hakuruhusu inaswe. Sijui kama ni ugonjwa ulioifuta au ni kwamba hakuwahi kujua inasikikaje. Labda yote mawili.

Leo asubuhi alitaka nimwandikie barua kwako ya kukusifu. Nilishika kalamu, nikaiweka chini. Nikamwambia mkono unaniuma. Akasema, "Sasa nyumba nzima haina mkono."

Nilikuwa nimekuagiza umwambie kweli. Sasa sijui tena nakuagiza nini. Ukimwambia, hutamwambia tu kwamba uliiba. Utamwambia kwamba aliketi mbele yangu na Baldo akasikiliza kazi yake mwenyewe na hakuijua.

Onorina


Dronero, 30 Desemba 1986

Delfina

naandika kwa kushoto. Onorina amegoma. Vumilia hati

nimekusikia. mstari wa tatu ni sahihi. nilikuwa naifikiria hiyo sehemu maisha yangu yote na sikujua kwamba mtu anaweza kuacha hivyo noti ikae

sikumbuki yangu lakini nadhani haikuwa nzuri hivi. kwa hiyo nimeacha kuitafuta. usinitafutie. asubuhi sasa nalala

waambie redio jina lako waandike kubwa

E. V.


Torino, 5 Januari 1987

Mwalimu,

Nimeanza barua hii mara kadhaa. Zote zilianza na sababu. Hii haina.

Mapambo uliyosikia kwenye kanda ni yako. Mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Noti ile unayosema hukujua kwamba mtu anaweza kuiacha, wewe ndiye uliyeiacha, kila mwaka, na mimi nilikuwa nimesimama kando yako nikikufungulia kurasa usizozihitaji. Sikubadilisha kitu isipokuwa kwamba mwishoni nilishusha upinde mapema. Nilikwambia sikumbuki. Nakumbuka yote.

Sikuteleza siku ya tamasha. Niliamua siku tisa kabla, Alhamisi ile niliyokutajia. Yangu hayakuwa mazuri, na nilitaka ukumbi ule uninyamazie kama ulivyokuwa ukikunyamazia wewe. Ulininyamazia. Nilijua wakati nacheza kwamba ukimya ule haukuwa wangu, na niliuchukua hata hivyo. Baldo aliponiuliza kama umeniruhusu, nilisema ndiyo. Yeye na Prospero hawana kosa.

Karatasi niliyokutumia ndiyo yangu. Nilitunga baada ya tamasha ili kukudanganya. Hayo uliyoyatukana ni yangu yote, na ile nusu ya mstari wa pili pia.

Bi Onorina ananiogopesha na swali ambalo sina jibu lake. Ulikuwa umepumzika, nami nakuondolea pumziko hilo. Ningeweza kunyamaza na wewe ungeendelea kulala asubuhi. Kwa majuma mengi nilitaka mtu aniambie ninyamaze. Wewe mwenyewe uliniambia, katika barua yako ya kushoto, bila kujua unasema nini. Niliisoma nikaona nimepata ruhusa ninayoitaka, kutoka kwa mtu niliyemwibia, na hapo ndipo sikuweza kuendelea. Umesema yako haikuwa nzuri hivi. Siwezi kukuacha uamini hivyo. Hilo ni baya kuliko kuiba.

Nilikwenda redio jana. Jalada lilikuwa bado kwa mchapaji. Litasema "mapambo ya Ermete Vassallo," ukikubali. Usipokubali, sehemu hiyo itaondolewa. Hawakufurahi. Nilikwenda pia kwa Marchesa. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, kwa hiyo nami nilisimama. Alisema, "Nilijua ni yake. Nilidhani mmekubaliana." Kisha akasema nafasi ya kuongoza kikundi itabaki wazi kwa sasa. Mlangoni mtumishi alinipa mwavuli wangu niliousahau siku ya tamasha. Prospero hajapiga simu. Baldo alipiga, akanitukana kwa Kinapoli alichofundishwa na Prospero, na alikosea matamshi, lakini nilielewa.

Mistari yote mitatu ninayo vidoleni. Ukitaka, nitakuja kuirudisha, kidole kwa kidole, mpaka vidole vyako viwe navyo tena. Usipotaka kuniona, nitaiandika na kuituma, ingawa najua hukutaka iandikwe.

Delfina Occelli


Dronero, 13 Januari 1987

Delfina,

Ni Onorina. Anasema mimi niandike na yeye atakagua.

Barua yako ilifika Ijumaa. Aliisoma mwenyewe karibu na dirisha. Aliikunja akaiweka chini ya sahani, na hakula kilichokuwa ndani ya sahani. Baadaye akasema, "Leta mashine." Baldo aliiacha hapa, hakuwa na moyo wa kuibeba tena.

Alisikiliza ile sehemu tu, mara moja. Nilikuwa namenya viazi. Mstari wa pili ulipoanza, vidole vya kushoto vilianza kwenda juu ya meza. Havikugongagonga kama mwezi wa kumi na moja. Vilikuwa vinakwenda mahali, vikifika, vikiondoka. Mstari wa tatu kidole kimoja kilikandamiza kikabaki, mpaka kucha ikawa nyeupe.

Akasema, "Basi nilikuwa hodari."

Nikasema, "Ulikuwa."

Akasema, "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu redio."

"Redio iliyokufa?"

"Hiyo."

Hakunisemesha tena mpaka Jumapili baada ya misa. Tulikula ugali wa polenta siku mbili kama watu wasiofahamiana katika hoteli. Sikumlaumu. Nilimnyima kusikia siku ambayo huenda angejijua, na nilifanya hivyo nikidhani namlinda. Hilo ni langu, wewe usilibebe, una lako.

Jana alisema andika. Haya ni maneno yake.

Jalada la santuri liwe na jina lake, lakini lisiwe kubwa. Ulishusha upinde mapema mwishoni na sasa itasikika hivyo milele kwa jina lake. Anasema hiyo ndiyo adhabu yake ya kukataa kunaswa, na ni adhabu yako pia, mgawane.

Uje Jumamosi na fidla. Yake uyaache hukohuko Torino. Anasema vidole vimekwisha kuyapata na hataki kufundishwa na mwizi. Ulete yale ya karatasi. Mstari wa kwanza uuvuruge nywele kabla hujafika. Mstari wa tatu utoe vitu vyote ndani yake, na usiache noti tupu mahali alipoiacha yeye. Utafute mahali pengine pa kunyamaza.

Nilimuuliza kama niongeze lolote. Akasema hapana, halafu akasema, "Ile nusu ya mstari wa pili asiiguse."

Kuhusu kukusamehe hakusema neno, nami sikuuliza. Nimekutandikia kitanda chumba cha nyuma, maana hatamaliza na wewe kwa siku moja.

Onorina Vassallo

(amekagua. sawa. asichelewe. E. V.)